Kumkhitaria Kijana Chuo

Mzazi mmoja katika darsa yetu alituuliza: "Mwanangu amefuzu mtihani wa Kidato cha Nne, nami nataka aende Eldoret akasome udaktari, yeye moyo wake uko kwenye mashine. Je, nimlazimishe?" Mas-ala haya ni ya nyumba nyingi, ndipo tukaona tuyaandike.

Kwanza na tujue huko tumpelekako. Wengi wetu wa pwani tusikiapo "Eldoret" hudhani ni chuo kimoja. Sivyo. Chuo Kikuu cha Moi kiliundwa mwaka 1984, na makao yake makuu yako Kesses, yapata kilomita 35 kutoka mjini. Lakini wanafunzi wa udaktari husomea mjini, jirani na hospitali kuu ya rufaa. Chuo Kikuu cha Eldoret ni kingine, kilichopata hati yake mwaka 2013. Kisha iko Politekniki ya Taifa, wafundishwapo mafundi. Asiyeyajua haya humpangishia mwanawe chumba mjini, kumbe masomo yake yako Kesses.

Tena udaktari wa huko una njia yake. Tangu ulipoanza kusomeshwa mwaka 1990, mwanafunzi hapewi maneno ya kuhifadhi tu. Huletewa tatizo la mgonjwa akalitafutia ufumbuzi pamoja na wenziwe, na hupelekwa katika vituo vya afya vya mashamba akakaa na watu. Kijana apendaye kuuliza na kuchanganyika atastawi. Ama yule ambaye raha yake ni kujifungia na nyaya na chuma, kumtia humo ni kumfunga miaka sita kwa ajili ya sifa za barazani.

Na huu unyonge tuuonao katika ufundi tumeutoa wapi? Wazee wetu hawakuwa nao. MIOME ya Mombasa, iliyoanza kusomesha mwaka 1951, ilijengwa kwa mali za Waislamu, Aga Khan na Sultani wa Zanzibar wakiwamo, khasa ili vijana wetu wapate elimu ya ufundi. Ndiyo hiyo iliyokuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa mwaka 2013. Kijana wa mashine ana mlango karibu na kwao, naye babake anatazama mbali!

Shahada hutaka wastani wa C+ au zaidi, diploma, C-. Nafasi hugawanywa na KUCCPS kwa alama za masomo yahusikayo na kwa khiyari alizojaza mwanafunzi. Mwanafunzi, twasema, maana tumemwona baba akijaza na mwana amelala. Mkopo wa HELB nao una nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka, na mwenye kuchelea riba alifikiri hilo kabla ya kutia sahihi.

Tulimjibu mzazi yule: usimlazimishe, wala usimwachie peke yake. Nauli ya kwenda na kurudi ni nyepesi kuliko karo ya mwaka uliopotea. Nendeni wawili, muwaone vijana wa pwani wasomao huko, muwaulize walalapo, walacho, na kilichowashinda. Mwana aulize mwenyewe, baba asikilize. Na mchukue masweta: mji ule uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na alfajiri yake si ya Mombasa.