Unene wa Kupindukia kwa Mbwa wa Nyumbani: Visababishi, Madhara na Wajibu wa Mwenye Mbwa

Mwaka 2024 mahakama moja nchini New Zealand ilimhukumu mwanamke kifungo cha miezi miwili kwa jambo ambalo wengi hawakuwahi kudhani kuwa ni kosa: kumlisha mbwa wake kupita kiasi. Mbwa huyo alipochukuliwa na watetezi wa wanyama mwaka 2021 alikuwa na uzito wa takriban kilo 54. Hakuweza kutembea mwendo mfupi bila kusimama ili avute pumzi, na daktari alipata taabu kuyasikia mapigo ya moyo wake kwa sababu ya unene wa tabaka la mafuta kifuani. Aliwekwa chini ya uangalizi na kupungua karibu kilo 9 katika muda wa miezi miwili, lakini akafa kwa kuvuja damu kwenye ini. Mwenye mbwa hakushtakiwa kwa kumnyima chakula. Alishtakiwa kwa kumpa kingi mno.

Kisa hicho kimevuka mipaka ya kawaida, lakini njia iliyomfikisha mbwa huyo hapo ni ile ile wanayoipita mbwa wengi wanaopendwa: kipande cha nyama leo, chapati kesho, na lango la ua lisilofunguliwa kwa matembezi. Makala haya yanaeleza jinsi unene unavyotambuliwa, unavyotokea na unavyodhuru, na kile ambacho mwenye mbwa anapaswa kukifanya.

Mbwa mnene hutambuliwaje?

Unene wa kupindukia ni hali ya mwili kulimbikiza mafuta kiasi cha kudhuru afya. Mizani peke yake haitoshi kuubaini, kwa kuwa kilo 20 zinazomfaa mbwa wa kimo cha wastani ni mzigo mzito kwa mbwa mdogo. Kwa sababu hiyo madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha hali ya mwili chenye namba 1 hadi 9. Namba 1 ni mbwa aliyekonda mno, namba 4 na 5 ni mbwa mwenye mwili unaofaa, na namba 9 ni mbwa aliyenenepa mno. Kila namba moja juu ya 5 huwakilisha uzito uliozidi kwa takriban asilimia 10.

Kipimo hiki kinaweza kufanyika nyumbani kwa macho na viganja katika sehemu tatu. Ya kwanza ni mbavu: mkono ukipitishwa ubavuni pasipo kukandamiza, mbavu zisikike kama mifupa inavyosikika mgongoni mwa kiganja kilichonyooshwa. Zikisikika kama vifundo vya ngumi, mbwa amekonda. Zikifichika kama mifupa ilivyofichika upande wa ndani wa kiganja, mbwa amenenepa. Ya pili ni kiuno: mbwa akitazamwa kutoka juu, pawepo na mbonyeo nyuma ya mbavu. Ya tatu ni tumbo: akitazamwa kutoka ubavuni, tumbo lipande kuelekea miguu ya nyuma, lisining'inie.

Kikwazo kikubwa ni jicho la mwenye mbwa mwenyewe. Mtu anayemwona mnyama kila siku haoni mabadiliko yanayokuja polepole, na mara nyingi humhesabu mbwa mnene kuwa ni mbwa mwenye afya njema. Katika jamii ambazo mbwa aliyekonda ni alama ya mbwa asiye na mwenyewe, unene huchukuliwa kuwa ushahidi wa malezi mema.

Visababishi

Msingi wa jambo hili ni mizania ya nishati. Nishati inayoingia kwa chakula ikizidi inayotumika, ziada huhifadhiwa kama mafuta. Hata hivyo, mbwa wawili wanaokula sawa huweza kuwa na miili tofauti, na sababu zake ni kadhaa.

Kwanza, nasaba. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza walieleza kasoro katika jeni iitwayo POMC inayopatikana kwa takriban robo ya mbwa aina ya Labrador. Jeni hiyo hushiriki katika kuuarifu ubongo kwamba mwili umeshiba na una akiba ya kutosha. Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba mbwa wenye kasoro hiyo huona njaa zaidi kati ya mlo mmoja na mwingine, na miili yao hutumia takriban asilimia 25 pungufu ya nishati wakati wa mapumziko. Kwa hiyo mbwa anayeomba chakula bila kuchoka pengine hana ulafi wala tabia mbaya; njaa yake ni ya kweli. Hilo halimwondolei mwenye mbwa wajibu. Linamzidishia, kwani mbwa wa namna hiyo hawezi kujizuia mwenyewe.

Pili, kuhasiwa au kufungwa kizazi. Upasuaji huu una manufaa mengi, yakiwamo kupunguza mbwa wasiotakiwa, lakini baada yake mahitaji ya nishati hupungua ilhali hamu ya kula huongezeka. Mwenye mbwa asipopunguza chakula baada ya upasuaji, unene hufuata.

Tatu, umri na mwendo. Mbwa mzee hutembea kidogo. Mbwa wa mlinzi anayefungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku ndani ya ua mdogo naye hana mwendo wa kutosha, hata kama anabweka usiku kucha.

Nne, maradhi na dawa. Upungufu wa homoni za tezi dundumio iliyo shingoni, na ziada ya homoni ya kotiso inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, huweza kumnenepesha mbwa au kumvimbisha tumbo. Dawa za jamii ya steroidi na baadhi ya dawa za kifafa huongeza njaa. Mbwa anayenenepa ghafla, anayekunywa maji mengi kuliko kawaida, au anayenyonyoka manyoya apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kupunguziwa chakula.

Tano, na hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, ni chakula kisichopimwa. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wa kufugwa wana uwezo mkubwa wa kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu wa jamii yao. Ugali, wali na mkate havipiti bure tumboni mwake. Kila mtu nyumbani akimrushia tonge lake bila kujua kwamba mwenzake amekwisha kumpa, hakuna anayeijua jumla.

Hesabu ndogo huonyesha uzito wa jambo hili. Mahitaji ya nishati ya mbwa aliyepumzika hupatikana kwa kuzidisha uzito wake kwa wenyewe mara tatu (kwa mfano 20 × 20 × 20), kutafuta kipeuo cha pili mara mbili mfululizo, kisha kuzidisha jibu kwa 70. Mbwa wa kilo 20 huhitaji takriban kilokalori 660 kwa siku. Mbwa wa kilo 5 huhitaji takriban 234. Chapati moja ya mafuta yenye kilokalori 250 hivi inazidi mahitaji yote ya mapumziko ya mbwa huyo mdogo kwa siku nzima. Kwa binadamu ni kitafunio. Kwake ni mlo wa siku.

Madhara

Mafuta ya mwilini si ghala lililolala. Hutoa kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani na kudhoofisha kazi ya insulini. Uzito wenyewe huyalemea maungio, hivyo mbwa mnene hupata mapema ugonjwa wa kulika kwa maungio, hushindwa kuinuka asubuhi, na kwa kuwa anaumia hutembea kidogo na kuzidi kunenepa. Kupumua huwa kwa shida, hasa kwa mbwa wenye pua fupi. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na mbwa mnene hupoza mwili kwa taabu. Katika miji ya pwani yenye joto na unyevu hatari hii si ndogo. Vyakula vyenye mafuta mengi huweza pia kuamsha uvimbe wa kongosho, ugonjwa wenye maumivu makali unaoweza kuua.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002. Mbwa 48 aina ya Labrador waligawanywa katika jozi 24, na katika kila jozi mmoja alipewa asilimia 25 pungufu ya chakula alichokula mwenzake, tangu utoto hadi kifo. Umri wa kati wa waliokula kidogo ulikuwa miaka 13, na wa wenzao miaka 11.2. Maradhi ya maungio nayo yalichelewa kwa waliokula kidogo. Ikumbukwe kwamba wale wenzao hawakuwa wanene wa kutisha. Walikuwa na uzito uliozidi wa kiasi tu, kama mbwa wengi wanaoonekana mitaani na majumbani.

Mbwa na afya ya nyumba nzima

Kwa mtumishi wa afya, mbwa mnene anaweza kuwa kioo cha nyumba. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2010 uliona kwamba unene wa mbwa unaambatana na unene wa mwenye mbwa, na kwamba uhusiano huo ulielezwa na muda ambao mbwa alitembezwa kila siku. Nchini Sweden, utafiti wa mwaka 2020 ulibaini kwamba watu wenye mbwa wanaougua kisukari walikuwa na uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili uliozidi kwa asilimia 38, ukilinganishwa na wa wenye mbwa wasio na ugonjwa huo. Mbwa hamwambukizi mtu kisukari. Wawili hao huishi katika mazingira mamoja, na pengine kwa mazoea mamoja ya kula na ya kukaa. Mgonjwa anayeshauriwa kutembea dakika 30 kila siku ana mwenzi tayari wa kutembea naye.

Wajibu wa mwenye mbwa

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kutunza ustawi wake. Lakini wajibu huu una mzizi wa ndani zaidi ya sheria: mbwa hafungui kabati, hapiki, wala hajipimii. Kila kinachoingia bakulini kimewekwa na mkono wa mtu. Hatua zifuatazo zinafaa:

1. Mbwa apimwe uzito na hali ya mwili, na daktari wa mifugo athibitishe kwamba hana maradhi, kisha aweke uzito unaolengwa.
2. Chakula cha siku kipimwe asubuhi kwa kikombe kile kile au mizani, na mtu mmoja nyumbani akabidhiwe kazi hiyo. Mbwa wa kilo 26 anayepaswa kuwa na kilo 20 huanzishiwa takriban kilokalori 660 kwa siku, yaani mahitaji ya mapumziko ya uzito unaolengwa.
3. Vitafunio na zawadi visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Punje za chakula chake cha kawaida au kipande cha karoti hutosha. Vitunguu, zabibu na chokoleti asipewe kabisa, kwa kuwa ni sumu kwake.
4. Atembezwe kila siku, alfajiri au jioni jua likipungua, akianza na mwendo mfupi.
5. Apimwe kila baada ya wiki mbili. Kupungua kwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki ni salama. Mbwa wa mfano huu atahitaji takriban miezi mitatu hadi sita. Kumshindisha njaa si tiba.

Jambo gumu zaidi ni kuyastahimili macho ya mbwa anayeomba. Mara nyingi anachokitaka ni mtu mwenyewe, na mchezo wa dakika tano, kuchanwa manyoya au kutembezwa humtosheleza. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto wa mbwa asiyezoeshwa kulishwa mezani hataomba mezani akiwa mkubwa. Kwa aliyekwisha kuzoea, familia yote ikubaliane, watoto na wageni wakiwamo, kwa maana mkono mmoja unaotoa kwa siri hubatilisha mikono yote inayojizuia.

Mbwa humpokea mwenyewe langoni kila siku bila kujali bakuli lilikuwa na nini. Miaka karibu miwili iliyowatofautisha mbwa wa ule utafiti wa Marekani ilitokana na robo ya chakula tu. Uamuzi wa robo hiyo uko mikononi mwa mwenye mbwa.