Rungwe kwa Kundi: Pangeni Saa Kwanza, Viatu Baadaye

Walimu wa shule moja ya Iringa mjini wanataka kupanda Mlima Rungwe mwisho wa wiki mmoja wa kiangazi hiki. Mratibu wao ametuletea maswali, na mwandishi wetu wa safari za milimani anayajibu.

Kaka, tuko kumi na wanane na wengi hatujawahi kupanda mlima wowote. Rungwe tutauweza?

Wengi wenu mtauweza, dada. Rungwe una mita zipatazo 2,960, nusu tu ya Kilimanjaro, na hauhitaji kamba wala mitungi ya hewa. Tena Iringa mnaishi juu ya mita 1,500, kwa hiyo mmeshaizoea hewa ya juu kuliko mtu wa Dar es Salaam. Mmoja wawili wanaweza kuumwa kichwa karibu na kilele; atakayezidi kuumwa au kuanza kutapika ateremshwe, asibembelezwe aendelee.

Kinachowachosha watu ni urefu wa siku. Mnapita msitu mnene, kisha mianzi, kisha vichaka na nyasi, na njia inateleza hata wakati wa jua. Anzeni mazoezi sasa: shukeni Ipogolo, mpande kwa miguu hadi mjini na begi mgongoni, kisha mrudie palepale. Atakayefanya hivyo Jumamosi tatu au nne mfululizo, Rungwe hautamshinda. Na watu kumi na wanane kwenye njia moja ni msururu. Gawanyikeni makundi mawili, kila kundi na mwongozaji wake.

Twende mwezi gani?

Kati ya Juni na Oktoba. Upande wa kusini mashariki wa mlima huu hupata mvua inayokaribia milimita 3,000 kwa mwaka, na masika njia hugeuka mfereji. Juni na Julai kuna baridi kali lakini mkiamka na bahati mtaona mbali. Kuanzia Septemba moshi wa mashamba yanayochomwa huziba mandhari. Epukeni wiki ya Nanenane. Maonyesho ya kanda yanafanyika uwanja wa John Mwakangale jijini Mbeya, na vyumba vya kulala hugombewa.

Ijumaa tunatoka kazini saa tisa. Tukiondoka saa kumi jioni, tulale Tukuyu, Jumamosi si tunapanda?

Hapana. Hapa ndipo safari nyingi za makundi huharibikia, kabla mtu hajauona mlima.

Kutoka Iringa hadi Uyole, mnapokata kwenda Tukuyu, ni zaidi ya kilometa 300. Coaster ya kukodi yenye watu kumi na wanane haipiti Mafinga bila kusimama, na Makambako lazima kuna mtu atataka chai. Mteremko wa Inyala mtaupita gizani, mkiwa katikati ya malori yanayokwenda Tunduma. Mtalala saa sita usiku, na asubuhi wa kwanza kuamka atamngoja wa mwisho hadi saa tatu.

Sasa fanyeni hesabu. Julai jua la Mbeya huchomoza saa moja hivi asubuhi, na kabla ya saa moja kasoro robo jioni limeshazama. Kundi la wageni wa milima lipeni saa tano za kupanda, nusu saa ya kukaa kileleni, saa tatu na nusu hadi nne za kushuka. Mkianza saa moja na nusu asubuhi, mnakuwa chini saa kumi na moja jioni. Muda unaobaki hadi giza si wa kupumzikia, huo ni wa goti litakaloteguka na ukungu utakaowapoteza njia. Mkianza saa tatu na nusu, mmeshautumia kabla ya hatua ya kwanza.

Kwa hiyo ombeni ruhusa ya nusu siku Ijumaa, muondoke saa sita mchana. Ikishindikana, safirini Jumamosi kwa mwanga, mpande Jumapili, na Jumatatu iwe ya kurudi. Kupanda mlima na kurejea Iringa siku hiyohiyo usiku, mimi sishauri.

Nani aamue kwamba kundi ligeuze?

Saa. Andikeni kwenye kundi lenu la WhatsApp kabla ya safari: ikifika saa saba mchana, popote tulipo, tunageuza. Atakayelisimamia hilo ni mwongozaji. Mkuu wa shule akiwemo, asipewe kazi hiyo, maana akisema "tusogee kidogo tu" hakuna mwalimu atakayembishia.

Anayetembea polepole akae mbele, nyuma ya mwongozaji. Mwalimu wa michezo, ambaye najua atataka kukimbia, mpeni filimbi awe mtu wa mwisho.

Kibali tunapata wapi?

Rungwe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Wasilianeni na ofisi yao ya Tukuyu mapema, waulizeni ada za sasa na mwongozaji. Lipeni kwa namba ya malipo ya serikali, msimkabidhi mtu fedha mkononi. Raia hulipa pungufu, basi vitambulisho msisahau.

Tuvae na kula nini?

Kileleni kuna baridi kuliko Mbeya mjini kwa nyuzi kama nane, na upepo juu yake. Sweta, koti la mvua, tochi, glovu. Glovu si za baridi tu: mtu akiteleza hushika mwanzi, na mwanzi mkavu ukipasuka huchana kiganja. Jinzi iacheni nyumbani, ikilowa haikauki. Viatu vipya pia. Maji lita tatu kwa kila mtu, chapati, mayai, karanga.

Wanne wanataka kuja lakini hawapandi.

Waende Ziwa Ngozi, lililo ndani ya kreta msituni. Nako kuna kupanda, ila ni kwa saa chache. Waishie ukingoni; njia ya kuteremkia majini ni mbaya. Asiyetaka jasho kabisa aende Daraja la Mungu, Kiwira.

Tutamwona kipunji?

Sidhani. Watafiti walimtambua kima huyu Rungwe mwaka 2003, ingawa wawindaji wa huko walishamfahamu, na 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus. Anaishi pia msitu wa Ndundulu, Kilolo, yaani mkoani kwenu. Hukaa juu ya miti na husikia watu mapema sana. Mkitaka hata kumsikia tu, ile spika ya muziki ibaki kwenye Coaster.