Joto la Mwali wa Gesi na Hewa Iliyomo Jikoni

Mwali wa gesi ya kupikia unaoungua vizuri huwa wa buluu. Ukigeuka kuwa wa manjano na kuacha masizi chini ya sufuria, aghalabu gesi haipati hewa ya kutosha. Katika somo hili tunakadiria joto la mwali kwa hesabu fupi, ili mtumiaji aone nafasi ya hewa katika kazi hiyo.

Kanuni ni moja: joto linalotolewa na gesi inapoungua ndilo linalopasha mvuke na hewa zinazotoka katika mwali.

1. Kilo 1 ya gesi ya mtungi, ambayo ni propani na butani, hutoa takriban kilojuli 46,000 za joto.

2. Ili iungue yote, kilo hiyo huhitaji takriban kilo 16 za hewa. Jumla ya kinachotoka katika mwali ni kilo 17.

3. Kupandisha joto la kilo 1 ya mchanganyiko huo kwa nyuzi 1 huhitaji wastani wa kilojuli 1.4. Kilo 17 huhitaji kilojuli 23.8.

4. Tukigawa 46,000 kwa 23.8, tunapata takriban nyuzi 1,930. Tukijumlisha nyuzi 25 za hewa ya chumbani, tunapata nyuzi 1,955 za Selsiasi.

Hicho ni kikomo cha hesabu. Jikoni mwali huwa na joto pungufu, kwa kuwa sehemu yake huchukuliwa na sufuria na hewa ya kandokando.

Hewa ikipungua, gesi haiungui yote. Mtumiaji hupoteza joto alilolilipia, na badala yake hupata masizi na kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu.

Tuchukue mtungi wa kilo 6. Utahitaji kilo 96 za hewa, yaani takriban mita za ujazo 80. Chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 22.5 tu. Mtungi mmoja hutumia hewa ya vyumba zaidi ya vitatu vya namna hiyo. Wala si lazima hewa iishe ndipo hatari ianze.

Kwa hiyo tunashauri:

- Fungua dirisha au mlango kila unapopika.
- Safisha matundu ya jiko yasizibwe na mafuta au chakula.
- Mwali ukibaki wa manjano baada ya kusafisha, acha kulitumia jiko na umwite fundi mwenye ujuzi.
- Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au kuumwa kichwa unapopika, zima jiko, watoe wote nje na uende kituo cha afya bila kukawia.