Pikipiki Ilingane na Uzito Wako
Kijitabu cha elimu kwa madereva wa pikipiki za njia mbovu, mafundi na wasimamizi wa vyombo vya usafiri

Kijitabu hiki kinamhusu nani?

Maafisa ugani, wahudumu wa afya na askari wa wanyamapori wengi hufanya kazi kwa pikipiki za njia mbovu kama Yamaha DT125, Yamaha AG200 na Honda XL125. Wengine hupanda pikipiki kubwa zaidi za enduro na motokrosi. Zote hutoka kiwandani na springi zilizochaguliwa kwa dereva wa uzito wa wastani. Kwa pikipiki za motokrosi za watu wazima, kwa kawaida huyo ni dereva wa kilo 70 hadi 85 hivi. Dereva wa kilo 100, aliyevaa buti na helmeti na kubeba begi la kazi, hakufikiriwa kiwandani.

Dereva mzito hana kosa lolote. Chombo ndicho kinachopaswa kurekebishwa kimfae, maana shokapu isiyolingana na uzito huumiza mgongo, huchosha mikono na huangusha watu kwenye kona. Tunakuomba jambo moja: pima kwanza, kisha vipimo vikuambie kama kugeuza nati kunatosha au springi nyingine inahitajika.

Dalili za springi iliyozidiwa

- Nyuma hugonga hadi mwisho kwenye mashimo na makorongo ya kawaida.
- Usukani ni mwepesi mno. Kwenye kona ya changarawe, gurudumu la mbele huteleza kuelekea nje.
- Taa ya mbele humulika juu na kuwaumiza macho wanaokuja.
- Vikanyagio au bomba la moshi hukwaruza ardhi mara kwa mara.

Kabla ya kulaumu springi, kagua uchakavu. Oili inayovuja kwenye shokapu au foki, bushi zilizolegea na beringi za mkono wa nyuma zilizokufa huleta dalili zinazofanana na hizi. Hakuna rekebisho litakaloponya kifaa kilichokwisha.

Springi hubeba, oili hupunguza kasi

Springi hubeba uzito. Oili iliyomo ndani ya shokapu hupunguza kasi ya springi inapobonyea na inaporudi. Ukichanganya kazi hizi mbili utatibu ugonjwa usiokuwepo. Kosa linaloonekana sana ni kuweka oili nzito ili kuficha springi laini. Pikipiki huendelea kuzama vilevile, na sasa kwenye barabara yenye rasta hutikisika zaidi kwa kuwa foki haiwahi kujibu.

Nati kubwa iliyo juu ya springi ya nyuma huongeza mkazo wa awali, yaani hubana springi hata kabla hujapanda. Kuikaza huinua nyuma ya pikipiki, lakini hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi.

Jinsi ya kupima

Unahitaji tepu ya kupimia, kalamu na watu wawili wa kukusaidia. Weka alama kwenye madigadi ya nyuma, juu ya ekseli. Vipimo vyote vitatu vichukuliwe kutoka katikati ya ekseli hadi alama hiyo.

1. Kipimo A: Inua pikipiki juu ya stendi au kreti imara hadi gurudumu la nyuma lining'inie. Pima.
2. Kipimo B: Shusha pikipiki chini, isimame wima bila dereva. Bonyeza kiti mara chache, uachie taratibu. Pima.
3. Kipimo C: Panda ukiwa umevaa vifaa vyote, na mzigo unaobeba kila siku uwe mahali pake. Mtu mmoja aishike pikipiki iwe wima, miguu yako ikiwa kwenye vikanyagio. Jirushe kidogo mara mbili au tatu, tulia katika mkao unaoendeshea, na mwenzako apime.

A kutoa B ni mzamo wa pikipiki. A kutoa C ni mzamo wa dereva.

Angalia kwanza kitabu cha pikipiki yako. Kama hakipo, anza na viwango hivi:

- Pikipiki ambayo gurudumu lake la nyuma lina mwendo wa milimita 300 hivi: mzamo wa dereva milimita 95 hadi 105, mzamo wa pikipiki milimita 30 hadi 40.
- Pikipiki yenye mwendo mfupi zaidi: mzamo wa dereva uwe takribani theluthi moja ya mwendo wote, na mzamo wa pikipiki takribani sehemu ya kumi. Kwa mwendo wa milimita 200, lenga 65 na 20 hivi.

Kugeuza nati

Osha matope kwanza na upige brashi kwenye nyuzi za nati. Legeza nati ya kufungia, geuza nati ya kurekebishia kidogo kidogo kwa spana yake ya ndoano, kisha pima upya. Patasi na nyundo huharibu meno ya nati, na chuma kinachoruka huingia machoni. Ukifikia kipimo, kaza tena nati ya kufungia.

Sasa rudia mizamo yote miwili. Wengi hupima mzamo wa dereva peke yake, wakaridhika. Mzamo wa pikipiki ndio utakaokuambia kama springi inakufaa:

- Mzamo wa dereva umefikia kiwango, na wa pikipiki pia: springi inakufaa.
- Mzamo wa dereva umefikia kiwango, lakini pikipiki peke yake inazama kidogo mno: springi ni laini kwako. Imebidi uibane sana ili ikubebe.
- Mzamo wa dereva umefikia kiwango, lakini pikipiki peke yake inazama mno: springi ni ngumu kwako.

Mfano wa hesabu

Chukua dereva mzito kwenye enduro yenye mwendo wa milimita 300. A ni 600, B ni 560, C ni 482. Mzamo wa pikipiki ni 40 na wa dereva ni 118. Amezama kupita kiasi.

Anakaza nati hadi mzamo wa dereva unakuwa 100. Anapima tena pikipiki ikiwa peke yake na kukuta mzamo wake umeshuka hadi 22. Tofauti kati ya mizamo miwili ilikuwa 78, na bado ni 78. Tofauti hiyo hutokana na uzito wa dereva na ugumu wa springi tu, kwa hiyo nati haiwezi kuibadilisha.

Anachotaka ni mizamo ya 100 na 34, yaani tofauti ya 66. Gawanya 78 kwa 66, unapata takribani 1.18. Anahitaji springi iliyo ngumu zaidi kwa asilimia 18 hivi. Kama ya sasa ni kilo 5.0 kwa milimita, atafute iliyo karibu na 5.9. Haya ni makadirio ya kuanzia, kwa sababu vyuma vinavyounganisha shokapu na mkono wa nyuma hubadilisha nguvu kadiri gurudumu linavyopanda.

Ugumu mara nyingi huchapwa kwenye springi yenyewe, kwa kilo au kwa nyutoni kwa milimita. Kilo 1 kwa milimita ni sawa na nyutoni 9.8 hivi. Baadhi ya watengenezaji, KTM wakiwemo, huorodhesha kwenye vitabu vyao springi ya kila kundi la uzito wa dereva.

Foki za mbele

Ukiimarisha nyuma na kuacha mbele laini, pua ya pikipiki itazama kila unapofunga breki. Springi za foki zibadilishwe pamoja na ya nyuma. Foki nyingi za pikipiki za kazi hazina nati ya nje. Fundi huongeza washa au bushi juu ya springi, ya urefu uleule pande zote mbili.

Kuongeza kidogo kimo cha oili ndani ya foki hupunguza nafasi ya hewa, hivyo foki huwa ngumu inapokaribia mwisho wa safari yake. Badilisha kwa milimita 5 kila mara, na usivuke kiwango cha kiwanda, kwani oili ikizidi hupasua sili.

Skrubu za oili

Kama shokapu yako ina skrubu za kurekebishia, kaza kila moja taratibu hadi ifunge, ukihesabu milio, na uandike idadi hiyo kabla ya kubadilisha chochote. Kukaza huongeza upinzani wa oili, kulegeza huupunguza.

Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo upande wa kurudi kwa kawaida huhitaji kukazwa milio michache. Pikipiki ikikurusha juu baada ya tuta, kaza kurudi. Ikizidi kushuka kadiri mashimo yanavyofuatana, legeza, kwa maana haipati muda wa kuinuka. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kwenye kipande kilekile cha njia.

Hatari za kuepuka

- Usifungue, usitoboe wala usichomelee shokapu yenye gesi. Ndani yake mna nitrojeni yenye shinikizo kubwa.
- Usitoe springi ya nyuma bila kifaa cha kuibana. Ikichomoka huvunja mfupa.
- Kwenye pikipiki zenye shokapu mbili za nyuma, hatua za kurekebishia mkazo wa springi ziwe sawa kushoto na kulia.
- Springi ngumu haiongezi uzito ulioruhusiwa. Fremu, rimu, breki na tairi vina mipaka yake ileile.

Baada ya marekebisho

Kagua ulegevu wa mnyororo, kwa sababu hubadilika nyuma inapoinuka. Rekebisha taa ya mbele na upepo wa tairi. Endesha polepole umbali mfupi, kisha kagua nati zote. Springi mpya hulegea kidogo mwanzoni, hivyo pima tena baada ya saa chache za kuendesha, na kila unapobadilisha mzigo wa kawaida.

Kwa wasimamizi wa vyombo

Uliza uzito wa dereva, pamoja na mzigo wake wa kazi, kabla ya kumkabidhi pikipiki. Andika mizamo miwili kwenye daftari la kila pikipiki, pamoja na jina la dereva na ugumu wa springi. Pikipiki ikihamia kwa mtu mwingine, ipimwe upya siku hiyohiyo. Na mnapoagiza pikipiki mpya, ziagizeni pamoja na springi za madereva wenu wazito. Mtumishi anayepeleka chanjo au mbegu vijijini anastahili chombo kinachombeba kwa usalama, awe na kilo 60 au 110.