Mashine Inayotambua Maradhi: Somo la Darasa la Sita

Katika mazoezi ya kufundisha tulimsikia mwalimu-mwanafunzi mmoja akiliambia darasa kwamba siku hizi kompyuta hutambua maradhi, nayo haikosei. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, nani aliifundisha?" Swali likaahirishwa. Kwa maoni yetu, hilo ndilo lililokuwa somo lenyewe.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zaweza kusoma picha za eksirei za kifua badala ya mtaalamu, katika kuchuja watu wa miaka 15 na zaidi wanaopaswa kupimwa kifua kikuu. Programu hizo hazikuandikiwa dalili moja moja. Zilionyeshwa maelfu ya picha zilizokwisha kutambuliwa, zikajitafutia alama zenyewe.

Hapo ndipo penye hatari. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, waliifundisha kompyuta kwa kumbukumbu za wagonjwa wa nimonia, ili ikisie nani yumo hatarini kufa. Ikahitimisha kwamba wenye pumu wana hatari ndogo kuliko wengine! Kumbukumbu hazikusema uongo. Wenye pumu walikuwa wakipelekwa upesi kwenye wodi ya uangalizi maalumu, na kwa matunzo hayo wengi wakapona. Ambaye angeifuata kanuni ile angewarudisha nyumbani.

Usianze na kisa hiki. Sisi tulianza nacho mara ya kwanza, somo likawa hotuba. Anza na kadi 20 za majani ya muhogo: mazima uyachore kwenye karatasi nyeupe, yenye batobato kwenye karatasi ya kaki. Nyuma andika "zima" au "gonjwa". Wanafunzi wawe ndiyo kompyuta: waonyeshe kadi pande zote mbili, usitaje dalili yoyote. Kisha inua jani zima lililochorwa kwenye kaki. Wengi watasema, "Gonjwa!" Waulize walitazama jani au karatasi. Wachache walioliangalia jani wapewe nafasi ya kueleza. Sasa simulia habari ya pumu.

Huenda mtoto akauliza kama mama yake akatae eksirei inayosomwa na kompyuta. Mjibu waziwazi: asikatae. Programu ikionyesha dalili, makohozi yake yapelekwe maabara yakapimwe.