"Take" na mkono wake: niliyoyakuta fildi Kasulo

Makamaradi wa Elimu mnaojiandaa kwenda fildi, naomba dakika zenu chache. Mambo ya andalio la somo na mkaguzi anayetokea bila taarifa mtayasikia kwa wengine. Mimi nataka tuongelee kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho kila mtu anadhani anakijua tangu shule ya msingi: "take". Kiliniumbua mbele ya Kidato cha Pili.

Nilipangiwa shule moja kata ya Kasulo, wilayani Ngara, upande wa Benaco, pale malori ya Rwanda na Burundi yanapopumzikia. Kipindi changu cha kwanza nikaandika ubaoni: take = kuchukua. Nikainua chaki juu, "I take the chalk." Darasa zima likaelewa. Basi nikanogewa, nikawapa na kanuni niliyoitunga mwenyewe, haimo kwenye desa lolote: ukiona "take", tafuta mkono. Nani amechukua, na amechukua kitu gani cha kushikika. Nilitoka pale najiona mwalimu kwelikweli.

Kipindi kilichofuata tukakutana na "Take a seat." Binti mmoja wa mbele akanyoosha kidole: "Madam, hicho kiti anakipeleka wapi?" Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Lakini ukifikiri, swali lilikuwa halali kabisa kwa kanuni niliyowapa. Huyu mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu alipoingia Kidato cha Kwanza karibu kila somo likageuka Kiingereza. Akipewa kanuni mbovu anaibeba hadi kwenye Fizikia. Na kweli, wiki hiyohiyo mwenzake akaniletea swali lenye maneno "Take g = 10 m/s²", anataka kujua g imechukuliwa kutoka wapi. Pale "take" ni "chukulia", yaani tukubaliane hivyo halafu tupige hesabu. Herufi chache tu zimeongezeka kwenye "chukua" yetu, na maana imehama.

Usiku nikakaa na daftari nikaanza kuorodhesha. Picha kwa Kiingereza inakuwa "taken", sisi tunaipiga. Kiapo wao "take", sisi tunakila, na rushwa pia tunaila. Dawa tunameza au tunakunywa. Mtihani tunafanya. Shati likiwa "taken off" limevuliwa, ndege ikifanya "take off" imepaa. Mtoto "takes after" baba yake, maana yake kafanana naye. Safari ya lori kutoka Lusahunga hadi Rusumo "takes" saa kadhaa, na hapo angalau tunakutana, maana sisi pia tunasema inachukua muda. Nilipofika ukurasa wa tatu nikagundua kwamba kitenzi chenyewe hakina kazi kubwa. Kimebaki kama kishikio, maana imekaa kwenye neno linalofuata.

Sasa hilo utamwelezaje mtoto wa miaka kumi na tano? Nikaachana na Kiingereza kabisa kwa dakika kumi. Nikawaambia: amekuja mgeni hajui Kiswahili, mwelezeni "piga" ni nini. Wakaanza na fimbo. Nikauliza, je, pasi? Mswaki? Deki? Kura? Magoti? Kijana mmoja ambaye mjomba wake ni utingo akadakia, "Na honi!" Hakuna anayeumia kwenye hayo yote. Nyuso zikafunguka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kwenye madaftari yao nilikuwa nakuta "My sister beat the phone." Walikuwa wakifanya kosa langu kwa kinyume.

Kuanzia hapo sikufundisha tena "take" pekee yake. Nafundisha "take a photo" kama kitu kimoja, na wanaitungia sentensi ya mambo ya hapo Benaco. Nawashauri mfanye hivyo.

Kidogo niwachoshe na historia, kwa sababu mimi ilinifariji. "Take" si mali ya Waingereza tangu asili. Waliipata kwa watu wa Skandinavia waliovamia na kuhamia kwao; kabla ya hapo walikuwa na neno "niman", ambalo Wajerumani bado wana ndugu yake, "nehmen". Na "chukua" yetu? Zamani ilikuwa zaidi kubeba mzigo, ndiyo maana mbeba mizigo ni mchukuzi na tuna Wizara ya Uchukuzi. Kazi ya kuchukua ilifanywa sana na "twaa", ambayo siku hizi utaisikia zaidi timu inapotwaa kombe. Maneno yanahama jamani. Ila wanaosema "mkutano umechukua nafasi" wakimaanisha umefanyika, hao bado sijakubaliana nao.

Lililobaki ni gumu kidogo kuandika. Kabla ya kile kipindi cha "piga" nilikuwa nimetoa insha kuhusu familia. Kijana mmoja mkimya wa dawati la nyuma aliandika: "The sickness took my mother in 2019." Kanuni yangu ikaniambia hapo hakuna mkono. Nikapiga kosa kwa wino mwekundu, pembeni nikaandika "Took her where?"

Mapumziko akanifuata na daftari. Hakuwa na hasira. "Madam, hakupelekwa popote. Alifariki."

Kiingereza chake kilikuwa sahihi. Na mimi niliyekulia misibani nikisikia "Mungu amemchukua" sikuwa na kisingizio hata kimoja. Nikamwambia, "Pole sana, mdogo wangu. Sentensi yako iko sawa, mimi ndiye niliyekosea." Nikamrudishia alama zake.

Akasema asante, lakini hakuondoka. Akauliza kama ingefaa zaidi kuandika "has taken", kwa kuwa mama hajarudi na hatarudi. Nikamweleza kwamba akishataja mwaka, lazima iwe "took". Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunakili ukurasa wote upya, maana wino wangu haukuwa wa kufutika.