Huduma za Afya Nyumbani: Zijue Aina Zake na Umjue Aliyeidhinishwa Kuzitoa

Familia nyingi katika kaunti yetu zinatunza mgonjwa nyumbani. Kuna aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, mzee asiyeweza tena kuinuka kitandani, mama aliyejifungua kwa upasuaji, na mgonjwa wa saratani ambaye daktari ameshauri apewe nafuu akiwa karibu na watu wake. Mahitaji haya yamezaa biashara. Mabango ya huduma za wagonjwa nyumbani yamebandikwa kwenye milingoti ya stima, na matangazo yanasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Baadhi ya wanaojitangaza wana ujuzi na leseni, na wengine hawana. Makala haya yanaeleza aina za huduma hizo, anayeruhusiwa kutoa kila moja, na jinsi mkazi anavyoweza kuhakikisha kabla ya kutoa pesa.

Aina tano za huduma

1. Huduma ya jamii. Hii hutolewa na wahudumu wa afya ya jamii, maarufu kama CHP, wanaotambuliwa na Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023. Mnamo Septemba 25, 2023, Rais William Ruto alizindua mpango wa kuwapa mikoba ya kazi wahudumu wapatao 100,000 kote nchini. Mhudumu mmoja hupangiwa takriban nyumba 100. Hupima presha, sukari na joto la mwili, huangalia lishe ya watoto, huwafuatilia wanaotumia dawa za muda mrefu na kuwaelekeza wagonjwa kwenye zahanati. Hulipwa posho na serikali ya kitaifa pamoja na ya kaunti, kwa hivyo usimlipe chochote kwa kukutembelea. Hata hivyo, CHP si muuguzi. Usimwombe akudunge sindano au akutundikie maji.

2. Utunzaji wa kawaida. Hapa ni kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza kitandani, kumbadilisha nepi na kumsindikiza kliniki. Kazi hii hufanywa na jamaa au msaidizi wa kulipwa. Ni kazi nzito na ya heshima. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza huhitaji kugeuzwa takriban kila saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo. Wako wasaidizi waliosomea kazi hii katika vyuo vya ufundi, lakini cheti hicho hakimfanyi mtu kuwa muuguzi.

3. Uuguzi. Kusafisha vidonda vikubwa, kudunga sindano, kuweka mpira wa mkojo au wa kulishia kupitia puani, na kutoa dawa za mshipani ni kazi ya mtu aliyefuzu na kusajiliwa. Muuguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya.

4. Huduma za wataalamu wengine. Daktari anayemtembelea mgonjwa nyumbani husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Afisa wa kliniki ana baraza lake, na mtaalamu wa fiziotherapia anayemfunza mgonjwa kutembea tena pia ana lake, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Anayekuja kuchukua damu ya kupimwa anapaswa kuwa amesajiliwa na bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB. Dawa zinunuliwe kutoka duka lililosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

5. Huduma ya kutuliza maumivu. Lengo lake ni kumpunguzia maumivu na mahangaiko mgonjwa aliye na maradhi mazito, na kuifariji familia yake. Hospisi ya Nairobi, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1990, na leo hospitali kadhaa za umma zina vitengo vya huduma hii. Dawa kali kama morfini hutolewa kwa maagizo ya mtaalamu aliyeidhinishwa pekee. Usikubali kuuziwa dawa hizo na mtu anayezitoa mfukoni.

Karatasi zinazochanganya watu

Wakazi wengi wakionyeshwa karatasi yenye muhuri huridhika. Lakini kila karatasi ina kazi yake, na moja haiwezi kusimama badala ya nyingine.

Usajili wa mtaalamu huthibitisha kwamba mtu amesoma, amefaulu na ameingizwa katika rejesta ya baraza lake.

Leseni ya kufanya kazi huonyesha kwamba mtaalamu huyo anaruhusiwa kuhudumu kwa sasa. Leseni ina tarehe ya mwisho. Mtu anaweza kuwa alisajiliwa miaka mingi iliyopita lakini leseni yake imekwisha au imesimamishwa.

Leseni ya kituo hutolewa kwa kliniki au hospitali. Kampuni inayosema kwamba wahudumu wake wanatumwa kutoka kliniki fulani inapaswa kuonyesha leseni ya kliniki hiyo.

Mkataba na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, unamaanisha kwamba kituo kinaweza kulipwa na bima hiyo kwa huduma zilizoorodheshwa. Si kila huduma ya kituo hicho inalipiwa, na usidhani kwamba ziara ya nyumbani imo. Uliza mapema, na uombe jibu kwa maandishi.

Kibali cha biashara cha kaunti huonyesha kwamba mfanyabiashara amelipa ada ya kufanya biashara hapa. Hilo tunalisema wazi kwa sababu kibali hicho tunakitoa sisi wenyewe: hakithibitishi kwamba mwenye nacho anajua kutibu. Vivyo hivyo cheti cha kusajili kampuni.

Mfano

Tuseme mama wa miaka 68 ametoka hospitalini baada ya kiharusi. Hawezi kumeza vizuri, ana mpira wa kulishia puani, na mkono wake wa kulia hauna nguvu. Kampuni inataka kumleta mtu mmoja wa kufanya kila kitu kwa malipo ya mwezi.

Familia igawe kazi hiyo kwanza. Kumwogesha, kumgeuza na kumlisha kupitia mpira ambao tayari umewekwa kunaweza kufanywa na jamaa au msaidizi aliyefundishwa na muuguzi wa wadi kabla ya mgonjwa kuruhusiwa. Kuubadilisha mpira huo ni kazi ya muuguzi au mtaalamu mwingine aliyefuzu. Ukiingia kwenye njia ya hewa badala ya tumboni, chakula kitakwenda kwenye mapafu na mgonjwa anaweza kufa. Mazoezi ya mkono yapangwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Presha inaweza kufuatiliwa na CHP bila malipo.

Baada ya hesabu hiyo, huenda familia ikagundua kwamba inahitaji msaidizi wa kila siku, na muuguzi wa kuja kwa siku maalum tu. Ni salama zaidi, na mara nyingi ni nafuu kwa mfuko.

Maswali matano kabla ya kulipa

1. Jina lako kamili ni nani, na nambari yako ya usajili ni ipi? Linganisha na kitambulisho, kisha utafute jina hilo kwenye tovuti ya baraza husika. Usitegemee picha ya leseni iliyotumwa kwa simu.
2. Leseni yako inaisha lini?
3. Ni nani atakayekuja hasa? Kampuni nyingine huonyesha leseni ya muuguzi mmoja, kisha humtuma mtu mwingine. Hakiki kila anayeingia nyumbani.
4. Unafuata maagizo ya daktari gani, na utayaandika wapi? Pawe na daftari la kila siku linalobaki nyumbani kwa mgonjwa.
5. Hali ikibadilika usiku, tutafanya nini? Mgonjwa akishindwa kupumua, akipoteza fahamu au akianza kuvuja damu, usimngoje mhudumu. Piga 999, 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kwa anayetaka kutoa huduma hizi

Ikiwa wewe ni muuguzi au mtaalamu mwingine na unataka kufungua huduma hii, anza na baraza lako: hakikisha leseni yako ni hai, na uulize masharti ya kufanya kazi kibinafsi. Sajili biashara kupitia eCitizen, kisha uchukue kibali cha kaunti. Kwa kuwa utahifadhi habari za afya za watu, jisajili pia na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hata kama biashara ni ndogo. Mkataba wa SHA huja baadaye, kwa kituo chenye leseni.

Ukitilia shaka

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa kila mtu haki ya kuelezwa matibabu anayopewa, kutunziwa siri yake na kuwasilisha malalamishi. Malalamishi kuhusu muuguzi yapelekwe kwa Baraza la Wauguzi, na kuhusu daktari au kituo yapelekwe kwa KMPDC. Kama hujui pa kuanzia, nenda kwenye ofisi ya afya ya kaunti ndogo yako, au umwulize CHP wa kijiji chako. Beba tarehe, majina, risiti na lile daftari la kila siku. Ukimkuta mtu anayejiita muuguzi na jina lake halimo kwenye rejesta, mzuie asimguse mgonjwa kwanza, kisha utoe ripoti.